Mbegu ya raigrasi iliyolala stoo mwaka mzima imeota vizuri, lakini malisho yamekufa: ni kuvu iliyokufa ndani ya mbegu?

#1 Mkamuaji_Waikato
Habari wanajukwaa. Ninakamua na kutunza malisho katika shamba la ng'ombe wa maziwa huku Waikato, New Zealand, na nina swali ambalo mwenye shamba na muuza mbegu wameshindwa kukubaliana. Tulipanda raigrasi ya kudumu katika padoki mbili zilizotenganishwa na waya wa umeme tu. Padoki ya kaskazini ilipata magunia mapya, na ya kusini ikapata magunia yaliyobaki msimu uliotangulia, ambayo yalikuwa yamekaa kiangazi chote katika banda la bati lililo jirani na chumba cha kukamulia, mahali penye joto na mvuke wa maji ya kuoshea mitambo. Aina ya nyasi ni ile ile, na zote ziliota vizuri kiasi kwamba ulipofika Juni hakuna aliyeweza kuzitofautisha.

Kiangazi cha pili ndipo mambo yalipobadilika. Kusini, ng'ombe aking'ata shina linang'oka lote na mizizi yake, naye analitema. Nilipopasua baadhi ya mashina karibu na udongo nilikuta tundu dogo, na katika machache kulikuwa na kiluwiluwi cheupe kisicho na miguu. Kaskazini bado ni kijani. Muuza mbegu anasema kuvu iliyokuwa ndani ya mbegu za zamani imekufa. Mwenye shamba anasema ni ukame, na kwamba muuzaji anatafuta njia ya kuuza magunia mengine. Wajuvi, ninyi mnasemaje?

#2 Bwana_Mbegu
Karibu, mleta mada. Muuzaji anaweza kuwa na nia ya kuuza na bado akawa anasema kweli.

Kuvu anayoizungumzia ni endofaiti iitwayo Epichloë festucae aina ya lolii. Iliwahi kuitwa Acremonium lolii, kisha Neotyphodium lolii, kwa hiyo ukikuta majina hayo matatu katika maandishi ya zamani usidhani ni viumbe vitatu. Huishi katikati ya seli za nyasi bila kuziua, na njia yake ya kufika kizazi kijacho ni mbegu ya mmea mama pekee, kwani chavua haibebi kitu. Mbegu ikikauka, nyuzi za kuvu hulala chini ya ganda na karibu na kiini, zikisubiri siku ya kuota ili ziingie katika ncha ya ukuaji ya mche.

Tatizo ni kwamba mwenye nyumba na mpangaji wake hawafi siku moja. Joto na unyevu humwua mpangaji kwanza. Mbegu zinaweza kuota kwa asilimia 90 huku kuvu hai ndani yake ikiwa imekaribia sifuri, na lebo ya gunia inayotaja uotaji peke yake haitakuonyesha hilo. Ndiyo maana wanaotaka kuhifadhi endofaiti kwa miaka huweka mbegu iliyokauka vizuri katika chumba cha baridi, nyuzi 5 hivi au chini yake. Banda la bati lenye mvuke ni kinyume cha hayo yote.

#3 Jembe_Butu
Samahani kwa ushamba wangu. Sisi kuvu tunaipulizia dawa, na huko mnailea kwenye mbegu? Halafu kama ya kaskazini ni nzima, si ingerushwa na upepo hadi kusini? Waya wa umeme hauzuii vumbi.

#4 Daktari_wa_Mifugo
Jembe_Butu, soma tena bandiko la 2. Kuvu hii haitoi vumbi lolote katika raigrasi, kwa hiyo mmea uliozaliwa bila nayo utakufa bila nayo, hata ukipakana na wenye nayo kwa miaka kumi. Wapo ndugu zake wa jenasi hiyo hiyo wanaochomoza nje ya shina na kusambaza vijimbegu, mfano Epichloë typhina inayokaba masuke ya nyasi aina ya koksifuti katika mashamba ya mbegu ya Oregon, lakini huyo ni mwingine.

Kuhusu kuilea, historia yake ilianza na lawama. Wafugaji wa New Zealand walijua kwa muda mrefu kwamba mwisho wa kiangazi kondoo hupatwa na ugonjwa wa kupepesuka. Kondoo akiwa ametulia utaona kichwa kikitetemeka tu. Mfukuze na mbwa, miguu hukakamaa, anaanguka ubavu huku akipiga mateke hewani, na ukimwacha kwa dakika chache anainuka na kuendelea kula kana kwamba hakuna kilichotokea. Wanaokufa, wengi wao hufa kwa kutumbukia mitaroni na mabwawani. Mwaka 1981 Fletcher na Harvey, wa Lincoln, waliuhusisha ugonjwa huo na endofaiti, na sumu yenyewe ni alkaloidi iitwayo lolitremu B. Kila mtu akataka mbegu zisizo na kuvu. Mwaka uliofuata, 1982, Prestidge na wenzake wakaonyesha kwamba malisho yasiyo na kuvu ndiyo yanayoliwa na fukusi wa shina wa Argentina. Habari mbaya na habari njema zilipishana kwa mwaka mmoja tu.

Mleta mada, kiluwiluwi cheupe kisicho na miguu ndani ya shina la raigrasi, huko uliko, mimi ningemshuku fukusi huyo kabla ya mwingine yeyote.

#5 Bongo_Kentucky
Niko kwenye shamba la farasi karibu na Lexington. Huku mambo ni yale yale, nyasi tofauti. Nyasi yetu ni fesku ndefu, na kuvu yake ni Epichloë coenophiala. Aina iitwayo Kentucky 31 imeenea mashariki mwa Marekani kwenye takriban hekta milioni 14. Ng'ombe waliokula fesku yenye kuvu kiangazi wanasimama ndani ya bwawa hadi tumboni mchana kutwa, manyoya hayajapukutika, uzito hauongezeki. Majira ya baridi wengine hukatika ncha ya mkia na masikio, au kwato huanza kuachia, kwa sababu ergovalini, sumu ya kuvu hiyo, hubana mishipa ya damu. Kwa farasi jike ni mbaya zaidi: mimba inapitiliza, kondo linakuwa nene, na anazaa bila tone la maziwa. Sisi huwaondoa kwenye fesku siku 60 hadi 90 kabla ya kuzaa, bila mjadala.

#6 Jembe_Butu
Kumbe aina thelathini za kwanza ziliua wangapi?

#7 Bongo_Kentucky
Hiyo 31 ni mwaka, ndugu yangu. Profesa Fergus wa Chuo Kikuu cha Kentucky aliiona nyasi hiyo mwaka 1931 kwenye mteremko wa shamba la Suiter, wilaya ya Menifee, ikiwa kijani wakati nyingine zimekauka. Ikatolewa rasmi kwa wakulima mwaka 1943. Kuvu ilikuja kuhusishwa na sumu mwaka 1977, na Bacon na wenzake huko Georgia, yaani wakulima walikuwa wameipanda kwa zaidi ya miaka thelathini bila kujua wanachopanda.

Linalomhusu mleta mada ni kilichofuata. Baada ya hapo watu walikuwa wakiiacha mbegu stoo makusudi, mwaka mmoja au zaidi, ili kuvu ife na mbegu ibaki. Aina zisizo na kuvu zikauzwa miaka ya 1980. Ng'ombe walinenepa, lakini malisho yakaisha: ukame na malisho mazito vilizimaliza katika misimu michache. Suluhisho likaja mwaka 2000, pale Joe Bouton wa Chuo Kikuu cha Georgia na taasisi ya utafiti AgResearch ya New Zealand walipoingiza sokoni fesku iliyopandikizwa kuvu AR542, ijulikanayo kama MaxQ, ambayo haitengenezi ergovalini lakini huusaidia mmea kudumu. Kwa hiyo mimi niko upande wa muuza mbegu. Padoki ya kusini ni fesku ya miaka ya 1980.

#8 Ukame_Tu
Bongo_Kentucky umekimbia mno. Fesku si raigrasi. Kwamba endofaiti husaidia fesku kuvumilia ukame kumeonekana mara nyingi, ila kwa raigrasi majaribio yanapingana: pengine inasaidia, pengine hakuna tofauti, na pengine kinachoonekana kama uvumilivu wa ukame ni wadudu tu kuwa wachache. Nilifanya kazi Victoria, Australia, kabla ya kurudi nyumbani, na nimeona raigrasi yenye kuvu nzuri ikifa kwa sababu moja: ng'ombe waliachiwa kuila hadi udongoni wakati mvua hakuna. Mizizi yake ni mifupi. Ukiinyima majani inakosa cha kujengea mizizi, na nyasi iliyopoteza mizizi hung'oka mdomoni mwa ng'ombe, hata kama hakuna mdudu hata mmoja.

Mleta mada, ni padoki ipi iliyo karibu na lango la kukamulia? Nina hakika ni ya kusini.

#9 Mama_Malisho
Kabla hatujazika mtu, mleta mada atusomee lebo. Aina moja ya raigrasi inaweza kuuzwa na endofaiti tofauti, na jina la nyasi kwenye gunia halitoshi. Kaskazini imeandikwa nini na kusini imeandikwa nini?

#10 Mkamuaji_Waikato
Ninashukuru kwa majibu. Ukame_Tu, ndiyo, ya kusini ndiyo iliyo karibu na lango, na kweli ng'ombe huisubiria zamu pale. Mama_Malisho, lebo ya kaskazini inasema endofaiti yake ni AR37. Gunia la zamani nimelipata, lakini pembe yake ilichanwa wakati wa kufungua. Jina la aina linasomeka, herufi AR zinasomeka, namba imekwenda na kipande kilichochanika.

#11 Bwana_Mbegu
Hapo sasa pana mambo mawili yaliyofungwa kwenye gunia moja. AR1 ilitoka mwaka 2001 na AR37 mwaka 2007, na hazifanani.

AR1 hutengeneza peramini, ambayo humfukuza fukusi wa Argentina, na haina lolitremu B wala ergovalini, hivyo ni salama kwa mnyama. Udhaifu wake ni kwamba haimzuii vya kutosha mbawakawa mweusi, wala vidukari wa mizizi. AR37 haina peramini wala lolitremu B. Ina kundi jingine la alkaloidi, epoksi-janthitremu, na inakabiliana na fukusi, mbawakawa, vidukari wa mizizi na vidung'ata, ingawa kondoo wanaweza kupepesuka kwayo wakati mwingine, na haishauriwi kwa farasi.

Kwa hiyo kama gunia la zamani lilikuwa AR1, kufa kwa padoki kunaweza kutokea hata kuvu ikiwa hai. Kilichoua kitakuwa mdudu ambaye AR1 haimwezi. Waikato ilishaonja hayo baada ya ukame wa 2007/08, mbawakawa walipofumka. Lakini kiluwiluwi chako kisicho na miguu kinaniharibia hesabu, maana kiluwiluwi cha mbawakawa kina miguu sita, kimejikunja, na hula mizizi udongoni. Yule wa ndani ya shina ni fukusi, na AR1 hai ingepaswa kumzuia.

#12 Jembe_Butu
Mbawakawa mweusi si ndiye yule wa kusini mwa Afrika? Kumbe hata huko tumepeleka mchango wetu.

#13 Fundi_wa_Gofu
Ndiye, Heteronychus arator. Nami nichangie kwa upande wa nyasi za viwanjani, maana ninafanya kazi kwenye uwanja wa gofu New Jersey. Kwetu hakuna anayekula nyasi ila mdudu, kwa hiyo hatuna mgogoro: kuvu kali ndiyo tunayoitaka. Mwaka 1983 Reed Funk na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rutgers walionyesha kwamba raigrasi yenye endofaiti haishambuliwi sana na viwavi wa nyasi za viwanjani, na tangu hapo mbegu yenye endofaiti ikawa sifa ya kutangaziwa. Katika fesku nyembamba imeonekana hata kupunguza baadhi ya magonjwa ya majani. Ila funza wa udongoni wanaokula mizizi huwa haisaidii sana dhidi yao, kwa kuwa kuvu yenyewe haikai mizizini, hukaa hasa kwenye ala za majani, chini ya shina, na kwenye masuke.

New Zealand wamekwenda mbali zaidi: wana nyasi iitwayo Avanex, ambayo kuvu yake imechaguliwa ili ndege wasiipende, na imepandwa kandokando ya njia ya ndege Christchurch. Wadudu wakipungua, ndege wala wadudu hawaji, na bata bukini wakionja wanajisikia vibaya, hawarudi.

Onyo kwa mleta mada: mtu asije akakuuzia mbegu ya viwanjani kwa bei nafuu ukawapa ng'ombe.

#14 Kinangop_Maziwa
Nauliza kutoka Kinangop. Wapo majirani wanaopanda raigrasi ya kuagiza kwa ajili ya ng'ombe na kondoo. Mbegu inasafiri baharini, inakaa bohari la Mombasa, inakaa dukani. Je, ikifika kwetu ina kuvu au haina? Na je, lawni ya kikuyu nayo ina kuvu hii?

#15 Mama_Malisho
Kikuyu haina. Jenasi Epichloë hukaa katika nyasi za maeneo ya baridi za ukoo wa ngano na shayiri, yaani raigrasi, fesku na wenzao. Kikuyu, ukoka na brakiaria ni watu wa ukoo mwingine.

Hata hivyo brakiaria ina kuvu zake. Dkt. Segenet Kelemu, Mwethiopia aliyefanya kazi CIAT, kituo cha utafiti wa kilimo cha tropiki nchini Kolombia, kabla ya kuja Nairobi na baadaye kuongoza icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, alichunguza na wenzake kuvu iitwayo Acremonium implicatum inayoishi ndani ya brakiaria, na maabara ilionyesha kwamba inazuia baadhi ya kuvu za magonjwa. Brakiaria asili yake ni Afrika, ikaboreshwa Amerika ya Kusini, sasa inarudi Kenya kama mbegu. Ningependa kusikia mtu akiuliza dukani ndani ya mbegu hiyo kuna nini.

Kuhusu raigrasi yako, muulize muuzaji mambo mawili: jina la endofaiti na tarehe ya kipimo cha kuvu hai. Akikuonyesha uotaji tu, hajakujibu. Safari ya joto inaweza kuwa imeiua, na kwa kondoo wako hiyo huenda ikawa nafuu, kwani kwenu sijasikia fukusi wa Argentina.

#16 Mzee_wa_Kanisa
Wachangiaji, yale magugu ya Mathayo 13 yaliyopandwa katikati ya ngano wafasiri wengi huyahusisha na Lolium temulentum, ndugu wa raigrasi, ambaye mbegu zake zikisagwa na ngano hulevya. Je, na yeye ana kuvu?

#17 Daktari_wa_Mifugo
Anayo, Mzee. Ilionekana katika mbegu zake mwaka 1898, miongo mingi kabla ya ile ya fesku kuhusishwa na sumu. Sasa turudi padokini.

#18 Farasi_Maskati
Swali fupi kutoka Maskati. Nyasi kavu ikikaa ghalani muda mrefu, kuvu ikafa, je, naweza kumlisha farasi mwenye mimba?

#19 Bongo_Kentucky
Usithubutu. Kuvu hufa, sumu iliyokwisha kutengenezwa hubaki. Inapungua kidogo kidogo, lakini kufa kwa kuvu si kipimo chake. Bonde la Willamette huko Oregon huuza Japani majani makavu yanayobaki baada ya kuvuna mbegu za nyasi, na maabara ya Chuo Kikuu cha Oregon State hupima ergovalini na lolitremu B yenyewe, haijishughulishi na kuuliza kama kuvu iko hai. Omba karatasi ya kipimo hicho.

#20 Bwana_Mbegu
Mleta mada, ukitaka ushahidi ipo njia. Usikubali kipimo cha kupaka rangi mbegu na kuzitazama kwa hadubini, kwa sababu nyuzi zilizokufa hupokea rangi sawa na zilizo hai. Mbegu ioteshwe, mche ufike kama wiki sita, chipukizi likatwe chini kabisa, kisha maji yake yagandamizwe kwenye karatasi maalumu inayobadilika rangi kwa kingamwili. Sekta ya mbegu ya New Zealand huhitaji angalau asilimia 70 ya mbegu ziwe na kuvu hai kwa endofaiti teule. Kwa padoki iliyokwisha kuota, kata machipukizi ya mimea tofauti ukitembea kwa mshazari, usikate mawili kwenye shina moja.

#21 Ukame_Tu
Kipimo hicho cha padoki hakitamsaidia, na nashangaa hujaliona. Kama wadudu wamekwisha kula mimea isiyo na kuvu, iliyobaki kusini ni ile yenye kuvu. Atapima waliosalimika, atapata asilimia kubwa, na mwenye shamba atasema, "Mnaona, kuvu ilikuwepo, ni ukame." Hata mimi ninayeamini ni ukame na miguu ya ng'ombe langoni siwezi kuukubali ushahidi wa namna hiyo.

Tena kuna jambo la tatu ambalo hakuna aliyeligusa: baadhi ya mimea ya kusini huenda haikutoka kwenye gunia lolote. Mbegu za raigrasi ya zamani zilizokuwa udongoni huota pamoja na mpya, na zile zina kuvu ya asili yenye lolitremu B na kila kitu.

#22 Mkamuaji_Waikato
Nimepata mbegu kidogo za gunia lile zilizobaki kwenye kona ya mashine ya kupandia. Zinaweza kutumika?

#23 Bwana_Mbegu
Kwa kuvu hai, hapana. Zimezeeka zaidi tangu siku ya kupanda, kwa hiyo zikipatikana hazina kuvu haitakwambia kama zilikuwa hazina siku ile. Lakini kwa kujua kama ni AR1 au AR37 zinaweza kufaa, kwani vinasaba vya kuvu hutambulikana maabara hata kuvu ikiwa imekufa, ilimradi havijaharibika. Zifunge kwenye mfuko mkavu usiopitisha hewa, ziweke kwenye jokofu, zipeleke. Hoja ya Ukame_Tu kuhusu waliosalimika ninaikubali kwa nusu: kama machipukizi ya kusini yatapatikana na asilimia ndogo, basi hoja yake haina pa kusimama, kwa maana hapo hata mchujo wa wadudu haukuweza kuificha.

#24 Ukame_Tu
Na yakipatikana na asilimia kubwa tutarudi hapa hapa. Wakati anasubiri maabara, achukue sepetu, achimbe mapande ya udongo ya kina cha sentimeta 10 langoni na mengine upande wa mbali wa padoki hiyo hiyo ya kusini, ahesabu funza na atazame urefu wa mizizi. Gunia ni moja kote kule. Kama upande wa mbali na lango ni mzima, mnieleze kuvu ilijuaje mahali lango lilipo.

#25 Mkamuaji_Waikato
Upande wa mbali umekonda pia, ila si sana kama langoni. Nitachimba Jumamosi baada ya kukamua asubuhi, nitaweka picha.